Simu ipi inamtii mwenyewe? Ulinganisho kabla hujalipa Mwanjelwa

Mdogo wangu anauza viazi Uyole. Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza mpaka watu wanashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, aliingia dukani kwangu Kabwe na simu iliyopasuka kioo, laki nne na nusu kwenye bahasha, na swali moja: "Kaka, nichukue ipi?"

Mimi natoa kopi, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Simu za watu hunipitia mikononi kutwa nzima zikiwa zimefunguliwa, na kuna mambo nimeyaona. Habari za kamera na betri angezipata kwa muuzaji yeyote wa soko la Mwanjelwa, kwa hiyo sikuanzia huko. Nilichukua ile simu yake ya zamani, nikaingia Mipangilio, Faragha, Kidhibiti cha ruhusa, nikagusa Anwani, ambayo ndiyo orodha ya majina na namba alizohifadhi. Programu kumi na saba zilikuwa zimeruhusiwa kuisoma. Moja ilikuwa tochi. Nyingine mchezo wa kupanga peremende aliopakua mwanawe, na nyingine programu ya mikopo aliyoitumia mara moja tu, akalipa, akaisahau. Yeye alikuwa ameisahau. Yenyewe ilikuwa bado inayo majina yote, kuanzia wateja wake wa viazi hadi mchungaji.

"Tochi inataka majina ya wateja wangu ya nini?" aliuliza. Hapo ndipo tulipokaa, na haya ninayoandika yametoka kwenye mazungumzo ya mchana ule.

Simu naipima kwa maswali matatu. Nani mwingine anaweza kuifunga au kuiamrisha bila idhini yako? Taarifa zako zinakwenda kwa nani, na unaweza kumzuia? Na matundu yake ya usalama yataendelea kuzibwa mpaka lini? Bei naiacha mwisho makusudi, ingawa najua mfukoni ndiko inakoanzia.

Simu ya mkopo

Hii ndiyo inayoshawishi kuliko zote. Unatoa kianzio kidogo, unaondoka na simu mpya ya kwenye boksi, kisha unalipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Kwa mama wa mbogamboga au kijana wa bajaji ambaye hawezi kutoa laki nne kwa mpigo, huenda ni mlango pekee wa kuingia kwenye simu janja, na simcheki anayeupita. Ila ajue anakubali nini. Simu inapowashwa mara ya kwanza, mkopeshaji anaingiza programu ya usimamizi yenye mamlaka juu ya mfumo mzima. Huwezi kuifuta kama unavyofuta mchezo. Ukiirisiti simu, yaani ukiirudisha ilivyotoka kiwandani, programu ile inarudi palepale. Siku ya malipo ikipita, kioo kinafungwa kwa amri inayotoka mbali.

Shemeji yangu ana bajaji. Jumapili moja alilipa saa mbili asubuhi, ujumbe wa muamala ukaingia, na saa nne simu ikajifunga hivyo hivyo: maandishi makubwa ya kumdai, namba ya huduma kwa wateja, basi. Abiria wake wa kanisani, wale anaowabeba kila wiki, wanampigia, simu inaita, hawezi hata kuona ni nani. Namba ya huduma haikupokelewa, maana ni Jumapili. Ilifunguka jioni bila neno la pole. Kampuni siitaji; simu ilifanya vilevile mkataba ulivyoiruhusu, na mkataba haukusema lolote kuhusu makosa ya upande wa pili.

Kama huna njia nyingine, uliza mambo mawili kabla ya kutia saini, na jibu lake liwe kwa maandishi. Programu ile inasoma nini kwenye simu yangu, mbali na kujua kama nimelipa? Na nikimaliza deni, nani anaiondoa na ndani ya siku ngapi? Muuzaji akijibu "hiyo usiwe na wasiwasi, dada," wewe kuwa nao.

Hili linawahusu pia wanunuzi wa mtumba. Simu yenye deni la mtu mwingine huuzwa kama simu nyingine yoyote. Mwambie muuzaji airisiti mbele yako na aiunganishe na intaneti. Ikifufuka na maandishi kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na shirika fulani, mrudishie na uende meza ya jirani.

Android mpya ya bei ya kawaida

Tecno, Infinix na itel ndizo zimejaa kwenye vioo vya maduka yetu, na zote tatu ni watoto wa nyumba moja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Pembeni yake kuna Samsung za daraja la A na Redmi za Xiaomi. Kwa upande wa Google hizi zote hazitofautiani sana. Ndani yake kuna huduma za Google zilizozama kwenye mfumo, na Google hula kwa matangazo, kwa hiyo inapenda kujua unatafuta nini na unapita wapi. Tofauti ziko sehemu mbili.

Ya kwanza ni mizigo ambayo simu inakuja nayo. Simu za bei ya chini hujazwa programu usizoziomba: duka la pili la programu, kivinjari cha kampuni, kioo cha habari kinachokurushia matangazo. Zingine hazifutiki, unaweza kuzizima tu. Na mizigo hii imewahi kuwa mibaya kweli. Agosti 2020, BuzzFeed News na kampuni ya usalama wa mitandao ya Secure-D walieleza jinsi simu za Tecno W2 zilivyouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zikiwa tayari na virusi vya xHelper na Triada, vikila bando na kujaribu kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia. Transsion ilijibu kwamba viliingizwa na msambazaji mmoja katikati ya safari na kwamba ilishatoa tiba. Sisemi Tecno ya leo iko hivyo. Mke wangu anayo na inafanya kazi vizuri. Nasema tu kwamba simu mpya ndani ya plastiki yake si lazima iwe safi.

Ya pili ni masasisho, yale tunayoyaita apdeti, na hapa ndipo naona watu wengi wanapoteza bila kujua. Apdeti ya usalama ndiyo inayoziba tundu pindi linapogunduliwa. Simu isiyopata apdeti ni nyumba ambayo kila mwizi ameshaambiwa dirisha gani halifungi. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, hata kwa simu iliyo kwenye maonyesho. Simu nyingi za bei ya chini ahadi yake ya apdeti ni fupi au haijaandikwa popote, wakati Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi miaka 6. Ukigawa bei kwa miaka, hesabu inageuka.

Uzuri wa Android ya sasa ni kwamba inakupa visu vya kukatia, ilimradi uvitumie. Tangu Android 11 unaweza kuruhusu programu kitu kwa mara moja tu, na zile usizozigusa kwa miezi hunyang'anywa ruhusa zenyewe. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, nukta ya kijani huwaka juu ya kioo kila kamera au maikrofoni inapotumika, na unaweza kuipa programu eneo la kukadiria badala ya mahali penyewe ulipo. Kitambulisho cha matangazo nacho, ile namba inayotumika kukufuata kutoka programu moja hadi nyingine, kinafutika: Mipangilio, Google, Matangazo. Ni kazi ya dakika moja. Katika wateja wangu wote sijakutana na hata mmoja aliyekuwa ameifanya.

iPhone ya mtumba

Kwa laki nne na nusu huongelei iPhone mpya. Unaongelea iliyotoka Dubai au iliyopita mikono mitatu Kariakoo kabla ya kupanda basi la Mbeya.

Apple hula zaidi kwa kuuza vifaa, na hilo linaonekana. Tangu iOS 14.5, toleo la mfumo wa iPhone la Aprili 2021, kila programu inalazimika kukuuliza kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine, na ukigusa kwamba isikufuatilie, inanyimwa kitambulisho chako cha matangazo. Apdeti zinafika siku moja kwa kila mtu, bila kusubiri mtengenezaji wala kampuni ya simu. Mtu asiyependa kuchokonoa mipangilio atakuwa salama zaidi na iPhone inayopata apdeti kuliko na Android asiyoigusa. Hilo nalikubali bila ubishi, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa Android.

Angalia umri, lakini. iPhone 8 na iPhone X za mwaka 2017 ziliishia iOS 16. XR na XS za 2018 hazikuingia kwenye iOS 26. Bado zinang'aa mezani Mwanjelwa, zimepigwa kava jipya, na kijana anakwambia "mashine hiyo bro". Ni mashine kweli, ila imeachwa nyuma. Ukitaka iPhone ya mtumba anzia iPhone 11, na kama pesa haifiki, rudi kwenye Android inayopata apdeti.

Halafu kuna suala la udhibiti, ambapo iPhone inanyoosha mkono kuchukua. Kwetu huku programu zinaingia kwa mlango mmoja tu, duka la Apple. Hali tofauti ipo Umoja wa Ulaya, kwa sababu sheria ya huko iliwalazimisha mwaka 2024. Nakala za akiba kwenye iCloud, usipowasha ulinzi wa juu uliokuja Desemba 2022, funguo zake Apple inazo. Na nafasi ya bure ni GB 5, ambayo picha za harusi moja ya Tukuyu zinaimaliza.

Kwanza akaunti ni ya nani?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndilo jambo ninaloliona dukani kuliko yote na halimo kwenye ulinganisho wowote niliowahi kuusoma.

Shangazi mmoja wa Tukuyu aliniletea simu ambayo mjukuu wake alikuwa ameirisiti. Ikawaka, ikadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Shangazi hajui. "Mwanangu, mimi nilinunua ikiwa inafanya kazi." Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyorisitiwa kwa nguvu haifunguki bila akaunti ya zamani. Ni kinga dhidi ya wezi, na inafanya kazi yake vizuri. Tatizo ni kwamba akaunti ile hakuifungua yeye. Aliifungua muuzaji siku ya kununua, "nakusaidia mama", kwa namba ya simu ya muuzaji na neno la siri la muuzaji.

Tukapanda daladala hadi dukani kwake. Kijana mpole tu, alitusalimia shikamoo, akatoa chini ya meza daftari la shule lenye kava la bluu. Ndani, kwa peni, mstari kwa mstari: jina la mteja, Gmail, neno la siri. Kurasa na kurasa. Maneno ya siri mengi yalikuwa ni lile lile moja. Alimpata shangazi katikati ya ukurasa, akamwandikia kwenye kikaratasi. Shangazi akasema "ndaga fijo", asante sana, na kumbariki. Mimi nilikuwa bado naliangalia lile daftari.

Mwenye akaunti ile anaweza kuona picha zinazopanda kwenye hifadhi, anaweza kuona simu iko wapi, anaweza kuifunga na hata kuifuta kwa mbali. Kijana yule sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Lakini daftari linaweza kuibwa, na anayeliiba ameiba simu za watu wote waliomo bila kugusa hata moja.

Kwa iPhone ni yaleyale kwa jina lingine. Kufuli la Apple limekuwepo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Ukinunua ya mtumba yenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, siku ikirisitiwa umebaki na kioo na chuma. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, simu irisitiwe, wewe uweke yako. Neno la siri unaandika mwenyewe. Namba ya kuokolea akaunti ni ya laini yako. Anayekuharakisha, mpishe auze kwa mwingine.

Pixel yenye GrapheneOS

Hii ni ya wale wanaotaka funguo zote mfukoni mwao. GrapheneOS ni mfumo wa Android ulioimarishwa kwa ajili ya usalama, hautozwi hata senti, na kwa sasa unakaa kwenye simu za Pixel za Google. Wengi hushangaa: unakimbia Google kwa kununua simu ya Google? Ndiyo, kwa sababu Pixel zinaruhusu mfumo mwingine kuwekwa kisha kufuli la mwanzo, lile linaloulinda mfumo usichezewe, kufungwa tena, na chipu yake ya usalama ni nzuri. Pixel 8 na zilizofuata zimeahidiwa miaka 7 ya apdeti.

Unachopata ni udhibiti ambao huuoni kwingine. Unaweza kuizuia programu yoyote isifike kwenye intaneti kabisa. Ile tochi ingebaki tochi. Programu ikidai majina yako ya simu, unaichagulia majina mawili, nayo inaamini hao ndio wote. Huduma za Google ukizihitaji unaziweka kama programu ya kawaida isiyo na cheo, na ukizichoka unazifuta. Usakinishaji unafanyika kwa kompyuta, waya na kivinjari; kijana wa chuo cha MUST anaumaliza kabla chai haijapoa.

Sasa gharama zake. Google haiziuzi Pixel rasmi hapa nchini, kwa hiyo karibu zote ni za kuletwa, nyingi kutoka Marekani. Na Pixel zilizouzwa na baadhi ya mitandao ya huko, Verizon hasa, zimefungwa zisibadilishwe mfumo milele. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya wasanidi, tafuta mstari wenye herufi OEM. Ukiwa umefifia na haugusiki hata simu ikiwa kwenye intaneti, hiyo haifai kwa kazi hii. Kioo kikipasuka, fundi wako atakwambia "tuagize Dar", na utasubiri. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye mfumo huu. Menyu za nyota na reli, *150*00# na wenzake, hazina shida, kwa kuwa zinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe.

Kuna pia LineageOS, mfumo mwingine wa Android, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufa, inayofufua simu nyingi za zamani. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa hazimo kwenye orodha yake, na kwa kawaida kufuli la mwanzo hubaki wazi. Kwa anayependa kujifunza ni nzuri. Kwa mdogo wangu, hapana.

Kitochi

Msikicheke hiki kisimu cha vitufe. Hakina programu za kukuchungulia, hakina Gmail ya muuzaji, chaji ni siku tano. Lakini simu na ujumbe wa kawaida vinavyopita humo kampuni ya simu ina uwezo wa kuviona, tofauti na WhatsApp, ambayo tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe kwenye simu yako na kuufungulia kwa unayemwandikia tu. Kwa siri ya mazungumzo kitochi kinashindwa vibaya. Kwa kutunza laini ya pesa sijaona kinachokishinda, na nitakirudia.

Zikiwekwa ana kwa ana

Chukua mikopo ya mtandaoni, ile ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mchezo wao tunaujua: unakopa elfu hamsini, inasoma majina yako yote, ukichelewa wanamtumia mkweo ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha. Lakini Android inakuruhusu kupakua programu nje ya duka, kwa kiungo cha WhatsApp, na huko hakuna anayekataza. iPhone imeufunga mlango huo. Kwa hiyo uhuru ule ule ninaousifia kwenye Android ndio unaomwingiza mtu kwenye mdomo wa mamba, na kufuli ninalolilalamikia la Apple linamwokoa. GrapheneOS inakuachia uamuzi wote, hata wa kijinga, ila inakupa ngao ya yale majina mawili.

Kwa fundi, Samsung na Pixel zinashinda. Zina hali ya matengenezo: unaiwasha, unamkabidhi fundi simu inayowaka na kupimika, picha na ujumbe wako havionekani. Usipokuwa nayo utaandika mchoro wako wa kufungulia kwenye kikaratasi na kukibandika mgongoni mwa simu, kama tunavyofanya wote, na simu italala kwa fundi siku mbili ikiwa uchi.

Ikiibiwa stendi, kufuli la Apple na la Google yote yanafanya kazi. Wanachosahau wengi ni laini. Mwizi anaichomoa, anaiweka kwenye simu yake, namba za uthibitisho zinaanza kuingia kwake. Weka PIN kwenye laini yenyewe. Inaingia kwenye simu yoyote, hata kitochi. Tahadhari: ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia laini, kwa hiyo tunza ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini.

Na kuna mahali ambapo zote ni sare. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Zoezi lilifungwa 20 Januari 2020, na nakumbuka foleni, wakulima wa viazi wakisugua vidole kwa mafuta kwa sababu jembe lilishafuta mistari na mashine haisomi. Kwa hiyo uwe na iPhone ya milioni tatu au kitochi, mtandao unajua namba ni ya nani na imeshika mnara gani. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna waliokuta wasizozijua. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hawachagui simu. Namba yao unaituma kwa ujumbe kwenda 15040. Kwa anayekusanya taarifa zako ovyo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ambayo hupokea malalamiko. Sheria hiyo inamhusu na yule kijana wa daftari la bluu, ingawa sidhani kama anajua.

Nani achukue nini

Mwandishi, kiongozi wa wafanyakazi, mtu yeyote ambaye simu yake ikichokonolewa wengine wataumia: Pixel na GrapheneOS, na uwe na kijana wa kukusaidia. Mwenye pesa na asiyependa mipangilio: iPhone 11 kwenda juu, akaunti yako, ulinzi wa juu wa iCloud umewashwa. Anayehitaji WhatsApp, picha za bidhaa na kidogo Facebook, kwa pesa ya kawaida: Android iliyoahidiwa apdeti za miaka mingi, kwa fedha taslimu, hata ukilazimika kungoja mavuno mawili. Simu ya mkopo iwe ya mwisho, na siku unapomaliza deni uondoke na karatasi.

Na kwa kila anayeshika pesa za biashara, laini ya pesa ihamie kwenye kitochi chenye PIN, kibaki nyumbani au kwenye mfuko wa ndani. Simu janja ibebe WhatsApp kwa laini nyingine. Ikiibiwa, mwizi hakuti benki yako ndani yake.

Mdogo wangu alichukua Samsung ya daraja la A iliyobaki na miaka ya apdeti, akaongezea elfu thelathini za mkopo wangu usio na riba wala programu. Kitochi anacho tangu zamani. Pale dukani Mwanjelwa muuzaji akanyoosha mkono: "Lete nikufungulie Gmail, dada." Akamjibu "nitafungua mwenyewe, kaka," akakaa kwenye benchi, akatoa lile daftari lake la madeni ya gunia, akageuza ukurasa wa nyuma kabisa. Aliandika neno la siri polepole, akilikinga kwa kiganja kama mtoto anayeficha jibu la hesabu. Nikasogea kumwelekeza.

"Na wewe kaka," akasema bila kuinua macho, "angalia kule."